Toyota 2022: ni gari jipya au ni yule dogo? Wapenzi wa Safari Rally tukutane hapa

#1 Kona_Kali
Wakuu, kwema?

Nimetoka kijiweni nimevimba. Tulikuwa tunabishana kuhusu msimu wa WRC (ubingwa wa dunia wa mbio za rally) wa 2022, ule wa magari mapya ya daraja la juu, Rally1. Wao wanasema ni dereva. Wamenizidi kelele, hoja hawakuwa nazo. Sasa nauleta huku kwa wanaojua.

Msimamo wangu: Toyota walibeba makombe yote mawili mwaka ule, la madereva na la watengenezaji, kwa sababu ya gari. Gari tu. Kanuni zilibadilika, kila timu ikaanza upya. Fremu ya mabomba badala ya bodi ya gari la dukani, mota ya umeme ya kilowati 100 juu ya injini, difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) imeondolewa, gia zimepunguzwa kutoka sita hadi tano, na zile gia za kubonyeza kwenye usukani zimepigwa marufuku, unavuta mkono wa gia kama zamani. Katika kuanza upya huko Toyota wakaipatia GR Yaris, Hyundai wakahangaika na i20, Ford wakabaki na Puma yao. Dereva wao, yule dogo wa Kifini Kalle Rovanperä, alipewa ufunguo akakanyaga. Kashinda raundi sita kati ya 13. Na hapo Naivasha, kwenye Safari Rally ya Kenya, Toyota wakashika namba moja hadi nne. Moja hadi nne! Sasa hapo dereva yuko wapi?

Karibuni, ila mje na hoja.

#2 Mti_Mkavu
Samahani mkuu, Yaris si ndiyo Vitz? Mama watoto anayo. Kupanda kile kilima cha Goba lazima nizime AC na niombe dua. Ubingwa gani huo unaouzungumzia?

#3 Fundi_Sele
@Mti_Mkavu unatutia aibu mafundi. Vitz lilikuwa jina la Japani, nje waliiita Yaris, na tangu 2020 huko kwao nako wamehamia Yaris. Lakini GR Yaris ni mtoto wa nje ya ndoa. Milango mitatu, silinda tatu, 1.6 yenye turbo, farasi zaidi ya 250, inavuta magurudumu yote manne. Toyota waliitoa kwa ajili ya mbio. Mpango ulikuwa iingie mashindanoni 2021, korona ikavuruga, wakamalizia mwaka ule na Yaris WRC ya zamani.

Hiyo ya mashindano ya 2022 nayo siyo ile ya dukani. Injini yake ina silinda nne, na chini ya bodi ni mabomba matupu, kama alivyosema mleta uzi. Cha dukani kilichobaki ni sura. Ukiweka injini na mota pamoja unapita farasi 500. Kwa hiyo ya mama watoto iache ipumzike.

#4 Mti_Mkavu
Mtoto wa nje ya ndoa 😂😂 haya nimekaa kimya, endeleeni.

#5 Binti_wa_Gilgil
Kona_Kali, wewe hukuwepo, ndiyo maana unaandika hivyo.

Mimi nilikuwa kwenye mkondo (kipande cha mbio kinachopimwa muda) wa Sleeping Warrior ile Jumamosi ya Safari, Juni 2022. Tulitoka nyumbani saa tisa usiku, kaka zangu, mimi na chupa mbili za chai. Asubuhi vumbi, mchana jua, halafu alasiri mvua ikashuka kama imetumwa. Ile barabara ni udongo mwekundu na mweusi umechanganyika, ikinyesha inakuwa sabuni. Gari la kwanza likapita linatambaa upande. La pili likapita limegeuka karibu nusu. Watu wanapiga kelele, wengine wanasukumana kurudi nyuma.

Sasa jueni kanuni: Jumamosi anayeongoza anatoka nyuma ya wenzake. Rovanperä ndiye alikuwa anaongoza, kwa hiyo alipita kwenye njia ambayo wenzake wa Rally1 walikuwa wameshaifanya uji. Niliona kwa macho yangu. Alikuja gari limekaa kimshazari na mkono wake umetulia kabisa kwenye usukani, kama mtu anayepeleka mboga sokoni. Alikuwa na miaka 21. Huyo unamwambia amekaa kwenye kiti akakanyaga?

#6 Kona_Kali
@Binti_wa_Gilgil dada, nakuheshimu kwa kulala porini. Lakini wa pili nani? Evans, Toyota. Wa tatu? Katsuta, Toyota. Wa nne? Ogier, Toyota, tena Ijumaa alipigwa pancha mkondo wa Kedong akapoteza zaidi ya dakika mbili na bado akamaliza wa nne. Madereva wanne, mikono minne tofauti. Kilichofanana ni gari. Hii hesabu hata mtoto wa darasa la tatu anaifanya.

#7 Difu_Loki
Nakazia kwa mleta uzi, ila kwa sababu nyingine.

Watu wanadhani gari jipya lilishinda kwa sababu lina teknolojia kubwa. Kinyume chake. Rally1 ni gari rahisi kuliko lililotangulia ukiitoa ile mota. Magari ya 2017 hadi 2021 yalikuwa na difu ya kati inayoongozwa na kompyuta na mabawa kila kona. Rally1 imevuliwa hayo. Safari ya shokapu imepunguzwa hadi milimita 270. Gari limekuwa zito pia, kilo 1,260 wakati la zamani lilikuwa 1,190.

Sasa chukua gari zito zaidi, shokapu fupi, lipeleke Kedong kwenye vumbi laini kama unga wa sembe, magurudumu yanazama hadi rimu. Hapo anashinda anayemaliza. Toyota waliingia Kenya wakiwa wamejiandaa kwa hilo: uimara kwanza, mwendo baadaye. Hyundai waliingia na gari linalokwenda. Dereva wao Tänak mkono wa gia ulimkatikia mkononi. Mkono wa gia, jamani! Hata daladala ya Mbagala haikatiki mkono wa gia kirahisi namna hiyo.

#8 Mti_Mkavu
Hiyo ya Mbagala ushahidi wako uko wapi? Mimi nimeshuhudia kondakta akimpa dereva bisibisi abadilishie gia.

#9 Mzee_wa_Pasaka
Wajukuu, salaam.

Naona mnaongea kama namba moja hadi nne ni jambo jipya. Toyota walishafanya hivyo Safari ya 1993 wakiwa na Celica. Juha Kankkunen wa kwanza, Markku Alén wa pili, Ian Duncan wa tatu, Iwase wa nne. Duncan ni mtoto wa Kenya, na mwaka uliofuata akashinda mwenyewe.

Na tangu zamani Safari haikuwa ya Naivasha peke yake. Ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wiki ya Pasaka ikaja kuwa wiki yake. Mimi nimekulia kando ya barabara ya Korogwe. Tulikuwa tunakaa juu ya kichuguu usiku na blanketi. Unaona taa mbali, halafu kimya, halafu ghafla zimekufikia. Datsun, Peugeot, Volvo. Asubuhi watoto tunachezea vigari vya mabati, kila mmoja anataka kuwa Joginder Singh.

Kuhusu huyo kijana: baba yake, Harri Rovanperä, alimaliza wa pili Safari ya 2002 akiwa na Peugeot 206, nyuma ya Colin McRae. Ile ndiyo ilikuwa Safari ya mwisho kwenye ubingwa wa dunia mpaka iliporudi 2021. Miaka 20 baadaye mwanawe akaja kumalizia kazi. Mnaobishana gari au dereva mmesahau damu.

#10 Binti_wa_Gilgil
Mzee shikamoo. Hiyo ya baba yake sikuijua, asante.

#11 Hesabu_Baridi
Salaam kwa Mzee. Sasa nimwage maji baridi kidogo.

Mnajadili "gari jipya lilivyowapa Toyota ubingwa" kana kwamba kabla yake walikuwa wanalia njaa. Mwaka 2021, na Yaris ya zamani, Toyota walishinda raundi 9 kati ya 12 na makombe yote. Mwaka 2022, na gari jipya, walishinda 7 kati ya 13. Hyundai walikuwa na 3 mwaka 2021, wakapanda hadi 5. Ford walitoka sifuri hadi 1.

Kwa hiyo kwa namba, gari jipya liliwapunguzia Toyota ushindi. Kanuni mpya zilisogeza timu karibu. Kama kuna kilichozuia lile pengo lisizibwe kabisa ni dereva mmoja, maana kati ya zile 7, sita ni za Rovanperä: Sweden, Croatia, Ureno, Kenya, Estonia, New Zealand. Ya saba ni ya Ogier, Hispania. Evans alikaa kwenye gari hilohilo mwaka mzima, akarudi nyumbani bila ushindi hata mmoja. Msimamo wa mwisho: Rovanperä pointi 255, Tänak 205, Neuville 193, Evans 134.

Mleta uzi, gari lilelile. 255 na 134. Mtoto wa darasa la tatu anasemaje?

#12 Mti_Mkavu
Hapo kuna mtu amepigwa. Nimevuta kiti.

#13 Kona_Kali
Sijapigwa, najipanga.

#14 Msee_wa_Jogoo_Road
Niaje watu wangu. Wote mnazunguka mbuyu. Toyota hawakushinda 2022, ni Hyundai walishindwa.

Hyundai walichelewa sana kuanza hiyo i20 ya Rally1. Halafu Desemba 2021, wiki chache tu kabla ya raundi ya kwanza, Monte Carlo, bosi wao Andrea Adamo akaondoka. Kaimu wake Julien Moncet akabeba mzigo mwaka mzima. Kwenda Monte Carlo wakakuta mambo ya aibu, moshi unaingia ndani ya gari hadi dereva wao Solberg na mwelekezi wake (anayemsomea njia) wakaugua na kuacha mashindano. Sweden, Tänak akatolewa kwa sababu ya mfumo wa umeme.

Hiyo mota ya umeme, kwa asiyejua, ina taa. Kijani ni sawa. Nyekundu ikiwaka hakuna kugusa gari, hata kama linatembea vizuri. Evans wa Toyota pia ilimkuta Sweden baada ya kutoka njiani. Kwa hiyo haikuwa ya Hyundai pekee, lakini Hyundai ndio waliteseka zaidi.

Sasa angalia nusu ya pili. Raundi sita za kwanza, mpaka Kenya: Toyota 4, Ford 1, Hyundai 1. Raundi saba zilizobaki: Hyundai 4, Toyota 3. Finland walimpiga Toyota nyumbani kwao, maana timu ya Toyota iko Jyväskylä palepale! Ugiriki Hyundai wakashika moja, mbili, tatu. Japani, nyumbani kwa Toyota wenyewe, Neuville akashinda. Wakipewa miezi minne ya majaribio mapema, hatungekuwa na uzi huu.

#15 Kona_Kali
@Msee_wa_Jogoo_Road basi umekubaliana nami bila kujua. Kama Hyundai walishindwa kwa gari bovu mwanzoni, maana yake Toyota walishinda kwa gari zima mwanzoni. GARI.

#16 Msee_wa_Jogoo_Road
Hapana bana. Ni kujipanga. Gari haliendi gereji lenyewe.

#17 Shabiki_wa_Pori
Wadau mimi nilikuwa Naivasha hiyo 2022, nilimuona Ogier akishangilia ushindi na yule Mjapani wa pili. Kwa hiyo habari ya Rovanperä sijui mmeitoa wapi.

#18 Binti_wa_Gilgil
Hiyo ni 2021 ndugu. Ogier wa kwanza, Katsuta wa pili, Tänak wa tatu. 2022 ni Rovanperä, Evans, Katsuta, Ogier. Ulikuwa mwaka gani, na ulikuwa na nani?

#19 Mti_Mkavu
Chai. Weka sukari.

#20 Shabiki_wa_Pori
Sawa ilikuwa 2021. Miaka hiyo ilipita haraka kwa sababu ya barakoa. Lakini nilikuwepo. Nakumbuka kwa sababu chumba nilicholipia kabisa nilikikuta kina watu, mwenye nyumba akaniambia nilale sebuleni na mbuzi wa jirani mlangoni. Bei ya chumba haikupungua.

#21 Binti_wa_Gilgil
Pole, hilo naliamini. Wiki hiyo Naivasha hata kibanda cha kuku kina bei.

Turudi. Hesabu_Baridi umesema vizuri, naongeza. Kwenye barabara za kokoto anayeongoza ubingwa ndiye anayetoka wa kwanza siku ya kwanza. Maana yake anafagia. Kokoto zote za juu anazisogeza yeye, nyuma yake wenzake wanakuta njia imeshikana. Ni adhabu ya kuwa bora. Miaka yote madereva wanailalamikia. Rovanperä alikwenda Ureno akiwa kinara, akafagia Ijumaa nzima, na Jumapili akashinda. Nitajie wangapi wamefanya hivyo Ureno. Hapo gari halikusaidii, maana Evans wa gari hilohilo alikuwa nyuma yake, kwenye njia safi, na bado akamaliza wa pili.

#22 Fundi_Sele
Dada nakubali Ureno. Kwa Kenya nakataa. Kwetu Afrika kutoka wa kwanza mara nyingi ni neema.

Mimi nimeendesha Fuso ya mahindi njia ya Kibaya miaka mitano. Mvua ikinyesha, wote tunapigania kuwa lori la kwanza. La kwanza linapita juu ya ardhi iliyoshikana. La nne linakuta mitaro, la saba linalala hapo siku mbili na utingo anachemsha ugali chini ya chesisi. Kedong ni vilevile: vumbi laini, kila gari linachimba zaidi, wa nyuma anakuta handaki. Ile Ijumaa Rovanperä alikuwa anatoka mbele. Halafu Estonia mvua ilimsaidia tena. Simnyimi sifa, ila hali ya hewa ya mwaka ule ilimpenda.

#23 Binti_wa_Gilgil
Na Jumamosi ya Sleeping Warrior alipotoka nyuma kwenye matope hali ya hewa ilikuwa inamchukia? Soma #5 tena, fundi.

#24 Fundi_Sele
Nimesoma. Jumamosi nakupa. Ijumaa nabaki nayo.

#25 Nahodha_wa_Malindi_Unguja
Assalaam aleikum. Nimeusoma wote, maneno matamu. Mie naona jawabu lenu liko kwenye mazoea.

Hapa kwetu nilikuwa na boti ya watalii, mashine ya zamani, ile inayochanganywa mafuta na petroli. Unaijua kwa sauti. Ikibadilika kidogo tu unajua pulagi imechafuka. Tajiri akanunua mashine mpya, kimya, haitaki kuchanganyiwa. Manahodha wakongwe tukaichukia. Tukawa tunaikanyaga kama ya zamani, inakata moto, tunaitukana. Kijana mmoja, umri kama wa mwanangu, hakuwahi kushika ile ya zamani hata siku moja. Wiki ya pili alikuwa anatuacha Chumbe.

Sasa Evans na Ogier walizoea gari lenye difu ya kati. Ukivuta handibreki lile linageuka kwa namna yake. Rally1 linageuka kwa namna nyingine, lina uzito mwingine, na ukikanyaga breki mota inachaji betri, gari linajivuta. Mwenye mazoea anapigana nalo. Rovanperä anaendesha tangu mtoto. Kuna ile video yake maarufu akiwa na miaka minane na Toyota Starlet, hata kioo cha mbele hakioni vizuri. Kwake kila gari ni gari tu. Monte Carlo alianza vibaya sana, yuko nyuma, gari halimkubali. Wakabadilisha seti, akamaliza wa nne, na kuanzia Sweden hakukamatika. Wenzake walichukua mwaka, yeye alichukua siku mbili.

#26 Hesabu_Baridi
Waaleikum salaam Nahodha. Mfano mzuri, lakini unavuja. Raundi ya kwanza kabisa ya magari haya, Monte Carlo, nani alishinda? Sébastien Loeb. Miaka 47, na mwelekezi mpya, Isabelle Galmiche, na Puma. Hakuna binadamu mwenye mazoea mengi ya magari ya zamani kuliko Loeb, makombe tisa ya ubingwa yako kabatini kwake. Na wa pili akawa Ogier, kwa sekunde 10.5 tu, tena baada ya pancha kwenye mkondo wa pili kutoka mwisho. Wazee wawili juu kabisa, kijana wako wa nne.

#27 Nahodha_wa_Malindi_Unguja
Loeb usimtie kwenye mfano. Huyo ukimpa ngalawa atashinda.

#28 Difu_Loki
😂😂😂

Lakini Hesabu umemsaidia Kona_Kali kinyumenyume. Puma ilishinda Monte na haikushinda tena mwaka mzima. Gari lilikuwa na kasi tangu siku ya kwanza, Loeb alithibitisha. Kilichokosekana ni dereva wa kulipeleka raundi zote 13. Breen wa Ford, Mungu amlaze pema, alipata jukwaa Monte, wa tatu, kisha msimu ukamponyoka. Kwa hiyo Rovanperä kwenye Puma ya 2022? Mimi naona angekuwa kwenye ubishi wa ubingwa.

#29 Kona_Kali
Ndoto za mchana. Uimara je? Puma zilikuwa zinakufa kila wiki.

#30 Difu_Loki
Na Rovanperä alizipindua GR Yaris pia. Ypres, Ubelgiji, alibiringika mkondo wa pili tu. Ugiriki akagonga mti, akamaliza wa 15. Finland akapigwa na Tänak kwa sekunde 6.8. Miezi miwili mizima alikuwa anatafuta ubingwa aufunge, haufungiki. Gari lilikuwa lilelile la Kenya.

#31 Msee_wa_Jogoo_Road
Halafu akaufunga New Zealand tarehe 2 Oktoba, siku moja baada ya kutimiza miaka 22. Rekodi ya bingwa mdogo ilikuwa ya Colin McRae tangu 1995, miaka 27. Alimwacha miaka mitano. Hiyo rekodi tutazeeka nayo.

Na kwa kuwa tumemtaja McRae, tusisahau wetu. McRae Kimathi alienda Sweden 2022 kwenye mbio za vijana, theluji, mtoto wa Nairobi. Na Safari hiyohiyo ya 2022 Maxine Wahome akashinda daraja la WRC3 na Fiesta. Mnabishana kuhusu Wafini tu.

#32 Binti_wa_Gilgil
Maxine alipofika mwisho nililia, sitaki maswali.

#33 Mzee_wa_Pasaka
Nimerudi baada ya Isha. Bado mko hapa?

Nina neno moja kwa mleta uzi. Nimehesabu Safari tangu iliporudi. 2021, Ogier, gari la zamani. 2022, Rovanperä, gari jipya lenye mota. 2023, Ogier, na Toyota wakashika tena moja hadi nne. 2024, Rovanperä. 2025, Evans, na mwaka huo mota ya umeme ilishaondolewa kwenye kanuni. Mitano yote Toyota. Magari ya aina tatu, madereva watatu.

Sasa ukisema ni gari, lipi kati ya hayo? Ukisema ni dereva, yupi? Mimi naona ni watu wa gereji. Toyota wanaijua ardhi hii tangu Celica alizoshinda nazo Waldegård Safari ya 1984 na 1986. Kuna kitu wamekiandika kwenye daftari lao kuhusu vumbi letu, na hawamwonyeshi mtu.

#34 Hesabu_Baridi
Mzee hoja nzito, ila ile ya Celica ilikuwa timu nyingine, Ujerumani, Cologne. Hii ya sasa ni Jyväskylä, iliingia WRC 2017. Daftari lilihamaje?

#35 Mzee_wa_Pasaka
Injini bado zinatengenezwa Cologne, mjukuu. Madaftari hayana miguu lakini yana wajukuu.

#36 Fundi_Sele
Hapo Mzee kanimaliza.

#37 Kona_Kali
Kesho narudi kijiweni na huu uzi wote kwenye simu. Sijui niwasomee namba ngapi, maana kila mmoja humu ana lake. Nitaanza na #7, nitaruka #11.

#38 Hesabu_Baridi
Ukiruka #11 nakuja Arusha mwenyewe.

#39 Mti_Mkavu
@Fundi_Sele mkuu, samahani kuharibu mjadala wa wakubwa. Ile Vitz ya mama watoto mbele kulia inagonga nikipita tuta, ko-ko-ko. Shokapu au boljointi?

#40 Fundi_Sele
Ikigonga unapokata kona pia?

#41 Mti_Mkavu
Kona sijajaribu. Huwa naomba dua tu.